Fundi Anajibu: Shokapu ya Mbele Imelala, Ninunue Mpya?

Masika yamekwisha, tope limekauka, na watu wametoa baiskeli zao za milima stoo. Wengi wamekuta shokapu za mbele, ambazo mafundi tunaziita foku, zimelala au zimeganda, ndiyo maana barua za mwezi huu karibu zote zinaongea lugha moja. Nimechagua sita. Wanaouliza bei watanisamehe: bei ya Kariakoo siyo ya Moshi, na ya muuzaji mwenye haraka siyo ya muuzaji aliyeshiba.

*Shikamoo fundi. Natembeza wageni kwa baiskeli hapa Lushoto. Nilinunua baiskeli ya mtumba ya tairi za inchi 26, foku yake ni ya upepo, inabonyea milimita 100. Nikiijaza jioni, asubuhi naikuta imelala. Tena imekuwa ngumu, kila kijiwe kinanifikia mkononi. Fundi wa hapa anasema sili zimekufa na foku ya upepo haitengenezeki, ninunue nyingine. Ni kweli?*
*Mtembeza Wageni, Lushoto*

Marahaba, mwanangu. Fundi wako amesema kweli nusu. Una matatizo mawili, na yeye ameyafunga kwenye fungu moja.

La kwanza ni upepo kutoka. Zile sili mbili unazoziona kwa nje, pale paipu zinazong'aa zinapoingia kwenye miguu ya chini, hazizuii upepo hata kidogo. Kazi yake ni kufukuza vumbi na kubakiza mafuta ndani. Upepo unashikwa hasa na vitu viwili: sindano ya valvu iliyo juu ya mguu, kwa kawaida wa kushoto, na oringi (pete za mpira) za pistoni iliyo ndani ya mguu huohuo. Kwa hiyo anza na kilicho rahisi. Jaza upepo, paka povu la sabuni kwenye valvu, subiri. Povu likitoa mapovu, kaza sindano au ibadilishe. Ni sindano ya aina ileile ya tairi la gari. Povu likitulia, basi upepo unapita ndani kwenye oringi. Hizo hubadilishwa kwa seti ya vipuri ya modeli yako. Ukiikosa, toa oringi ya zamani uipeleke kwenye duka la vipuri vya haidroli, wakupimie unene na kipenyo. Usikubali "inakaribiana".

La pili ni ugumu, na hilo ni ukavu. Ndani ya miguu ya chini kuna mafuta kidogo sana, na chini ya kila sili kuna pete ya sponji inayopaswa kuwa imelowa mafuta. Pete zikikauka, paipu inasugua bushi (vibomba vya ndani inamoteleza), na foku haianzi kubonyea mpaka ipigwe kwa nguvu. RockShox, watengenezaji wa foku, wanaandika kwamba miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kuwekewa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Wewe unayetembea na wageni saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, hizo saa zinaisha kabla wiki ya tatu haijakwisha. Najua hutafanya. Basi fanya kila baada ya miezi miwili, na usikose kabla na baada ya mvua, maana udongo mwekundu wa Usambara ni laini na unapenya.

Kazi yenyewe unaiweza kwenye benchi lako, ila kuna sharti moja sitalirudia: toa upepo wote kwanza. Wote. Bonyeza valvu mpaka kimya, bonyeza foku mara mbili tatu, kisha bonyeza valvu tena. Foku yenye upepo ikifunguliwa inaweza kukurushia chuma usoni.

Toa gurudumu na kalipa ya breki. Chini ya kila mguu kuna bolti, mara nyingi ya aleni ya milimita 5; kwenye mguu wa kulia pengine utakuta kirekebisho cha kuzungusha, kivute kwanza. Legeza bolti mizunguko mitatu hivi, usizitoe. Zigonge kwa nyundo ya mpira ili fimbo za ndani ziachie. Ndipo uzitoe, ukiwa umetega chombo, uvute miguu ya chini ichomoke.

Sasa tazama mafuta yaliyotoka. Meusi ni uchafu wa kawaida. Yakitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na najua yalikoingilia: ile mashine ya presha ya kuoshea magari. Tangu leo foku yako iogeshwe kwa ndoo na tambara.

Futa kila kitu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti. Petroli na mafuta ya taa yakae mbali na mpira wowote. Lowesha pete za sponji kwenye mafuta mpaka zishibe. Sili zipake grisi nyepesi inayotengenezwa kwa ajili ya shokapu. Ile ya kwenye pipa, ya kupaka chesisi za malori, ni nzito na nyingine huvimbisha mpira. Rudisha miguu, na kabla haijafika mwisho mimina mafuta kupitia matundu ya bolti kwa bomba la sindano la duka la dawa. Foku nyingi hutaka kati ya mililita 5 na 10 kila mguu, lakini tafuta kipimo cha foku yako kwa namba iliyoandikwa nyuma ya krauni (kipande cha juu kinachounganisha miguu miwili) au kwenye mguu. Ukizidisha, foku haitafika mwisho wa mbonyeo wake. Bolti kaza kwa kiasi: RockShox wanataka nyutonimita 7 na kidogo, yaani nguvu ya kiganja siyo ya bega. Miguu hiyo kwa kawaida ni ya magneziamu, nyuzi zake zikichunika hakuna wa kukusaidia.

Halafu jaza upepo kwa pampu ya shokapu, siyo kompresa ya tairi. Chumba cha upepo ni kidogo mno, kompresa inakipita kabla hujatoa kidole. Bonyeza foku mara kadhaa ili upepo ugawane vyumba vya juu na chini, pima tena. Funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye paipu, vaa begi lako la kazi lenye maji na spana, panda polepole, simama kwenye pedeli, shuka. Kamba iwe imesogea milimita 15 mpaka 20. Imesogea zaidi, ongeza upepo; pungufu, punguza. Watu wengi nawaona wanajaza mpaka foku haizami kabisa wakidhani ndiyo afya. Foku isiyozama ukiwa umesimama haiwezi kushuka kufuata shimo, na tairi lisilogusa ardhi halina breki wala kona.

Sehemu ambayo fundi wako anaweza kuwa sahihi ni hii. Kamata breki ya mbele, weka kidole pale sili inapokutana na paipu, sukuma na kuvuta baiskeli. Ukisikia mchezo hapo, siyo kwenye beringi za shingo, bushi zimekwisha. Kuzibadilisha kunahitaji vifaa maalumu. Tazama pia rangi ya paipu: kama mipako imelika na mistari mieupe ya aluminiamu imetokea mahali bushi zinapopita, usitie hela tena. Vinginevyo oringi, sili na mafuta vitakupa miaka.

*Mambo fundi. Nilianguka Kihesa kilolo, paipu ya foku ikagonga jiwe, sasa ina mchubuko mdogo ninaousikia kwa ukucha. Kila nikitoka na baiskeli kunabaki alama ya mafuta hapo. Nifanyeje?*
*Dada wa Iringa*

Poa, dada. Kama kucha inanasa, kingo za mchubuko zinakata sili, na ndiyo maana mafuta yanatoka. Pitisha msasa wa maji namba 2000 kwenye kingo peke yake, kwa mkono mwepesi, kuzunguka paipu siyo juu-chini. Futa kwa spiriti. Dondoshea rangi ya kucha isiyo na rangi, tone kwa tone, kila tone likauke kabla ya jingine, mpaka kidimbwi kizidi kidogo usawa wa paipu. Iache ikauke usiku mzima. Kesho yake sawazisha kwa msasa uleule mpaka ukucha usinase. Kisha badilisha sili, maana iliyokwisha kukatwa haiponi. Kama mchubuko uko juu kabisa, karibu na krauni ambako sili haifiki, iache ilivyo.

*Fundi, mwanangu wa kidato cha pili ana baiskeli ya tairi za 27.5. Foku yake imeandikwa 100. Wenzake wamemwambia foku ya kweli ni ya 150, na mjomba wake anakuja kutoka Ujerumani Desemba, anaweza kuibeba. Mimi sijui lolote, ila nalipa mimi. Nimnunulie?*
*Mama wa Njiro, Arusha*

Mama, usitume hela bado.

Hiyo 100 na 150 ni milimita ambazo foku inabonyea. Inayobonyea zaidi ni ndefu zaidi, hivyo inanyanyua mbele ya baiskeli na kulaza pembe ya shingo nyuma. Kwa makisio ya mafundi, kila milimita 20 unazoongeza zinalaza shingo karibu digrii moja. Kijana akiongeza 50, usukani utakuwa wa uvivu, na akipanda mlima gurudumu la mbele litazurura kama halina mwenyewe. Hilo ni la raha tu. La usalama ni kwamba foku ndefu inazidisha nguvu ya kukenyua pale shingo ya fremu ilipochomelewa. Fremu iliyotengenezwa kwa 100 haikuahidi kubeba 150, na waranti huishia hapo. Kuongeza 20 watengenezaji wengine hukubali. Waangalie wameandika nini kwa fremu hiyo.

Na umwambie kijana kisa hiki. Mwaka 1990, huko Durango, Colorado, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za milima, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka akitumia foku ya RockShox RS-1. Ilikuwa inabonyea kama sentimita 5. Siwaambii watu warudi huko, foku za leo ni bora mara nyingi. Lakini mtoto wa Njiro anayeendesha kwenye mashamba ya kahawa na mara mojamoja miteremko ya Meru, 100 inamtosha, na 120 ni anasa.

Kama ya sasa imekufa kweli, mjomba apewe vipimo siyo jina la foku. Kwanza shingo: foku za zamani zina bomba lililonyooka la inchi 1 na moja ya nane, kipenyo milimita 28.6 juu mpaka chini. Nyingi za siku hizi ni nene chini, inchi 1 na nusu. Nene haiingii kwenye fremu ya bomba jembamba. Pili, urefu wa bomba hilo, hasa kama ni mtumba, kwa sababu mwenye nayo wa kwanza alikwisha kulikata kwa ajili ya fremu yake na halirefuki. Mtu apime shingo ya fremu ya kijana pamoja na beringi, vibati vya kunyanyulia na kishikio cha usukani, aongeze milimita chache. Tatu, ekseli. Ya kufunga kwa wenzo ni milimita 9 kwa 100, yaani unene kwa upana. Kuna ya 15 kwa 100, na nyingi mpya ni 15 kwa 110, ambayo haikubali habu (kitovu cha gurudumu) aliyonayo. Hapa ndipo watu wananunua foku ya bei nzuri halafu wanajikuta wananunua na gurudumu. Nne, breki: kama ana breki za rimu, foku lazima iwe na vishikio vyake, na foku za upepo zenye vishikio hivyo zinazidi kupotea sokoni. Tano, foku iwe ya 27.5 kama tairi lake.

Achukue ya upepo, siyo ya springi. Springi za foku za bei nafuu hupangwa kwa uzito wa mtu mzima. Kijana wa kilo 50 atakaa juu yake bila kuizamisha. Ya upepo itaongezwa kadiri anavyokua. Na pampu ya shokapu iwe kwenye begi la mjomba siku hiyohiyo.

*Fundi, tuna baiskeli 12 za kukodisha Mto wa Mbu. Zote zina foku za springi. Nane zimeganda kabisa, nyingine zinarusha mikono. Vijana wanaziosha kila jioni kwa presha. Tukiagiza foku mpya 12 tutafilisika. Tufanye nini?*
*Mwenye Baiskeli, Mto wa Mbu*

Mzee, acha kuagiza. Kwa njia za migombani na kwenda kuliangalia ziwa, hizo foku hazikuwa zinakusaidia sana hata zikiwa mpya.

Foku za springi za bei ya chini hubeba karibu kilo 2 na nusu, na nyingi ndani hazina kitu cha kuzuia springi isirudi kwa kishindo. Kinachoizuia ni msuguano wa bushi za plastiki. Ndiyo maana zilizo huru zinarusha. Kile kifuniko cha kuzungusha juu ya mguu, ambacho vijana wako bila shaka wanakikaza kwa wageni wanene, hakifanyi springi kuwa ngumu. Kinaikandamiza kidogo mwanzoni, basi. Mgeni wa kilo 100 anahitaji springi nyingine.

Fungua moja kati ya zilizoganda kama nilivyomweleza kijana wa Lushoto. Upepo haupo, lakini bolti ni zilezile za chini. Kama paipu za chuma zina kutu ya juujuu, sugua kwa sufi laini ya chuma na mafuta, safisha, paka grisi springi na bushi, funga. Kama kutu imechimba vishimo, itakata kila sili utakayoweka. Hiyo toa, weka foku ngumu ya chuma isiyo na springi.

Usiweke yoyote tu. Pima foku ya zamani kutoka katikati ya ekseli mpaka chini ya krauni, toa milimita 20 ambazo ingezama mtu akipanda, kisha tafuta foku ngumu yenye urefu unaokaribia hapo. Ukiweka fupi mno, baiskeli itainamia mbele na pedeli zitagonga chini. Halafu vaa tairi za upana wa inchi 2.2 au zaidi zikiruhusiwa na fremu, upepo karibu psi 30 badala ya 50 ambazo vijana wanapenda. Barabara ya vumbi yenye makunyanzi itawafikia wageni kwa upole kuliko sasa. Kila baiskeli itapungua zaidi ya kilo moja, na kitu cha kuharibika kimeondoka.

Najua utaniambia mgeni akiona foku ngumu anadhani amepewa ya bei rahisi. Basi zile nne zilizo hai zifanyie matengenezo na uzitenge kwa wanaoteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Hao wanazihitaji. Na mashine ya presha muuzie mwenye gereji.

*Kaka fundi, hapa Kahama mafuta ya foku za baiskeli hayapatikani. Naweza kutumia ya pikipiki? Au ya breki?*
*Msomaji, Kahama*

Ya breki usithubutu. Mafuta ya breki ya DOT yanakula rangi na mpira, na yale ya madini ya breki za baiskeli ni mepesi mno kulainisha bushi.

Ya foku za pikipiki yanafaa kwenye miguu ya chini, ambako kazi yake ni kulainisha tu. Hata oili safi ya injini ya sintetiki inafaa. RockShox wenyewe wameelekeza mafuta ya 0W-30 kwa miguu ya chini ya foku zao nyingi. Chupa moja ya lita itahudumia mtaa mzima. Kwenye chumba cha kuzuia kishindo, ambacho kwa kawaida kiko mguu wa kulia, usikisie: uzito wa mafuta ndio unaoamua foku irudi haraka au polepole, kwa hiyo fuata namba ya mtengenezaji. Na yule aliyenitumia ujumbe kuhusu mafuta ya alizeti: hapana.

*Fundi, naishi Tanga. Nikipandisha baiskeli Lushoto kwa gari, foku ya upepo inakuwa ngumu, na nikipima kwa pampu naona upepo umepungua badala ya kuongezeka. Mwinuko unahusika?*
*Mpanda Milima, Tanga*

Unahusika kidogo sana. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya nje inapungua uzito, hivyo upepo ulio ndani unaonekana umeongezeka kama psi 2. Kwenye foku ya psi 80 hutausikia mkononi. Pale mwinuko unapojionyesha ni miguu ya chini: hewa iliyofungiwa humo wakati unaikusanya Tanga inatanuka na kusukuma, hasa karibu na mwisho wa mbonyeo. Foku kadhaa mpya zina vibonyezo vidogo nyuma ya miguu vya kuitoa. Kama yako haina, chukua kamba nyembamba ya plastiki ya kubania nyaya, ilainishe ncha, ipake mafuta, ipitishe kwa uangalifu kati ya sili na paipu mpaka usikie pumzi, itoe. Chuma chochote kisikaribie hapo.

Huo upungufu unaouona kwenye geji ni hasa wa pampu. Kila unapoiunganisha, upepo kidogo wa foku unajaza mpira wake, ndipo geji inasoma pungufu. Na ule mlio wa "pss" ukiichomoa ni wa mpira wa pampu, siyo wa foku. Kwa hiyo rudisha geji kwenye namba yako ileile, usizidishe kufidia ule mlio, maana ukizidisha umeongeza psi pasipo kujua, na huenda ndio ugumu wenyewe. Kingine ni baridi. Asubuhi za Juni na Julai kule, mafuta ya ndani yanakuwa mazito kuliko ulivyoyaacha Tanga. Endesha dakika kumi kwanza, kisha pima jinsi foku inavyozama kwa ile kamba ya kwenye paipu, siyo kwa geji.